Mkalimani wa Kiti Kitupu

Iko nchi moja, na msiniulize iko wapi, kwa sababu na mimi nina watoto wanaosoma. Inaitwa Jamhuri ya Hisani, na jina hilo haikupewa bure. Huko mtu hana haki ya maji. Hufanyiwa hisani akapata maji. Barabara ni hisani, dawa ni hisani, na mvua ikinyesha vizuri magazeti huandika kwamba ni kwa hisani ya Wizara. Isiponyesha, huandika kwamba mwaka jana wananchi hawakushukuru vya kutosha.

Katika nchi hiyo tukufu alikuwako mama mmoja, Sikudhani, fundi wa magodoro ya sufi. Alichambua sufi, akajaza, akashona, na vumbi lake lilikuwa limemwachia kikohozi kikavu kilichomjia bila kubisha hodi. Mumewe alikuwa amekwenda zake kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Alimwachia binti mmoja, Chausiku, miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa. Masikio yake hayakusikia, lakini macho yake hayakupitwa na kitu, na maswali yake hayakuwa na mwisho.

Chausiku alisoma katika darasa la viziwi la Shule ya Msingi Mtakuja, pamoja na wenzake kumi na saba. Walikuwa na mwalimu mmoja tu, Mwalimu Hiza, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu, na wilaya nzima hakukuwa na mwingine aliyejua lugha ya alama. Kila Jumamosi aliwafundisha na wazazi, bure, chini ya paa la jikoni la shule. Sikudhani alijifunza alama za kitoto: kula, kukaa, njoo, rudisha, si chako, huna haya. Zilimtosha.

Jumapili moja, wakinywa chai, Chausiku alikoroga kikombe chake, akachungulia ndani, akauliza kwa mikono: "Sukari imekwenda wapi?"

Sikudhani alifikiri, akaona aibu kidogo, maana miaka thelathini na mitano amekunywa chai na hajajiuliza. "Kesho utamuuliza Mwalimu," akajibu.

Kesho yake Mwalimu hakuwapo.

*

Mambo yalikuwa hivi. Waziri wa Elimu, Staha na Makaribisho alikuwa amesafiri ng'ambo kwenye mkutano, na huko, kati ya mlo na mlo, alimwona mtu amesimama pembeni ya jukwaa akitafsiri hotuba kwa mikono. Waziri alipendezwa sana. Aliporudi alitangaza sheria: kuanzia sasa, kikao chochote cha elimu maalumu kitakachofanyika bila mkalimani wa lugha ya alama ni batili. Mkalimani avae suti na glavu nyeupe. Mbele yake kiwekwe kiti chenye kitambaa chekundu, kiitwe Kiti cha Kiziwi. Na lolote litakalosemwa kwa mikono kutoka katika kiti hicho litamkwe na mkalimani kwa sauti, neno kwa neno, bila kupunguza, maana Hisani ni nchi inayosikiliza.

Sheria ilizungumzia kiti, haikumzungumzia kiziwi. Kwa hiyo kiti kilinunuliwa na kiziwi hakualikwa.

Wilaya ikatafuta mkalimani, ikampata mmoja tu, naye alikuwa darasani anapoteza muda na watoto. Akatolewa siku hiyo hiyo. Mlinzi wa shule aliambiwa awe anawaangalia wale watoto, na kusema kweli aliwaangalia. Alikaa mlangoni kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri akiwaangalia, nao wakimwangalia.

Wazazi walipolalamika kwamba darasa halina mwalimu, serikali haikulala. Iliunda Kamati ya Kudumu ya Kuchunguza Upungufu wa Mwalimu wa Lugha ya Alama, yenye wajumbe kumi na mmoja. Ilikaa siku nne kwa wiki, na siku ya tano ilisahihisha muhtasari. Na kwa kuwa kilikuwa kikao cha elimu maalumu, kilihitaji mkalimani. Basi mwaka mzima Mwalimu Hiza alisimama mbele ya kamati hiyo, na glavu zake nyeupe, akikitafsiria kiti kitupu majonzi ya wajumbe kwamba Mwalimu Hiza hapatikani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Twende.

*

Sikudhani alipoitwa kikaoni mara ya kwanza alikabidhiwa kijitabu mlangoni: Mwongozo wa Kudhibiti Utovu wa Staha wa Wazazi katika Vikao vya Elimu Maalumu. Aliyekigawa alikuwa Afisa Staha wa Wilaya, Bi Leokadia, mwanamke mnene mwenye kengele ndogo mkononi na daftari kubwa kwapani.

"Soma, mama," alisema kwa upole. "Wizara imegundua kwamba tatizo kubwa la elimu maalumu si vitabu wala walimu. Ni wazazi. Wanakuja na sura."

"Sura gani, bibi?"

"Kama hiyo." Akaandika kitu daftarini.

Makosa yalikuwa mengi na yamepangwa vizuri. Kusema "lakini" kabla mwenyekiti hajamaliza. Kusema "lakini" baada ya mwenyekiti kumaliza. Kutazama saa ya ukutani. Kulia bila kibali. Kumtaja mtoto kwa jina, jambo ambalo linaleta hisia. Kukohoa kwa maana. Adhabu ya mzazi ilikuwa kunyang'anywa kauli kwa vikao vitatu, yaani anahudhuria, anasikiliza, anashukuru kwa kichwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa watumishi. Mtumishi akikosa staha kidogo ataonywa. Akizidi, atahamishiwa penye hali ya hewa nzuri. Lakini akitamka matusi mbele ya kikao, atapewa adhabu kuu, ambayo Bi Leokadia aliisoma kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa: kurudishwa darasani kushika chaki, bila rufaa. Ilikuwa imetolewa mara moja tu katika historia ya wilaya, na ndugu wa aliyeadhibiwa walitandika mkeka wakapokea rambirambi siku tatu.

Ndani, desturi ilitaka mzazi awaamkie wajumbe wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa cheo kamili, kuanzia mkubwa. Akikosea, anaanza upya. Mjumbe akichelewa kuingia, anaanza upya pia, ili aliyechelewa asijisikie vibaya. Siku hiyo walichelewa wanne. Sikudhani alifika kwa mjumbe wa saba mara tatu, na alipommaliza wa kumi na moja kengele ya chai ikalia.

Baada ya chai na sambusa, Mwenyekiti, Mheshimiwa Kalumbeta, aliyewahi kuwa mkuu wa zimamoto mpaka kituo kilipoungua, alisafisha koo. "Ndugu wajumbe, suala lililo mbele yetu ni zito. Tumemtafuta mwalimu huyu mashariki, tumemtafuta magharibi. Tumeandika barua. Usiku hatulali. Mama, una lolote?"

Sikudhani alimtazama Mwalimu Hiza, aliyekuwa amesimama hatua nne kutoka kwake, mikono ikikieleza kiti jinsi wajumbe wasivyolala. "Mheshimiwa," alisema, "mwalimu si huyo hapo?" Akamnyooshea kidole.

Kengele ya Bi Leokadia ililia. Kumnyooshea kidole mtumishi wa serikali akiwa kazini: onyo la kwanza. Mheshimiwa Kalumbeta alitikisa kichwa kwa huruma. "Mama, huyo si mwalimu. Huyo ni mkalimani. Angekuwa mwalimu angekuwa darasani."

Wajumbe walipiga meza kwa hoja hiyo, na kikao kikaahirishwa kikiwa kileleni.

*

Safari ya pili Sikudhani aliazimia kuwa mpole kuliko godoro. Aliwaamkia wote bila kukosea. Alikaa na mikono mapajani, macho chini. Mwenyekiti alizungumza saa nzima kuhusu mapenzi yake kwa watoto wenye mahitaji maalumu, ambao hajawahi kukutana nao lakini huwawaza. Alipofika kwenye maneno "serikali haijalala", sufi ikamkwangua Sikudhani kooni, na kikohozi kikatoka.

Kengele.

"Kikohozi hicho," alisema Bi Leokadia, "kimekuja mara tu baada ya neno serikali."

"Bibi, mimi ni fundi magodoro. Ni vumbi."

"Vumbi lina siku zote. Kwa nini lichague hapo?"

Walijadili nusu saa kama kikohozi kilikuwa na maana. Mjumbe mmoja, tabibu wa mifugo, alitakiwa kutoa maoni ya kitaalamu, akasema kwa ng'ombe kingekuwa cha kawaida, lakini mama huyu si ng'ombe, kwa hiyo alijua anachofanya. Sikudhani alinyang'anywa kauli vikao vitatu. Bi Leokadia alimfunga utepe wa bluu mkononi, ishara kwamba mtu huyu haruhusiwi kusema.

Vikao viwili alikaa kimya. Mwishoni mwa cha pili Mwenyekiti alisoma pendekezo litakalopitishwa wiki ijayo. Kwa kuwa darasa la viziwi limekaa miezi kumi na mitatu bila mwalimu. Na kwa kuwa watoto wake wameshindwa mitihani yote, jambo linaloonyesha kutojituma. Basi darasa lifungwe, watoto warudishwe majumbani kwa hisani ya serikali wakapumzike, na chumba kitumiwe kuhifadhi viti vya kamati.

Sikudhani aliinua mkono. Bi Leokadia aliugusa ule utepe wa bluu kwa kalamu, akatabasamu. Mama wa watu akaushusha mkono, na machozi akayameza, maana hakuwa na kibali.

*

Nyumbani Chausiku alikuwa amechora duara nyingi ardhini kwa kijiti. Siku hizi mikono yake ilikuwa imepungua maneno. Alama nyingine alianza kuzisahau, akawa ananyooshea vitu kidole kama alipokuwa mdogo, na asipoeleweka anapiga ukuta. Mtoto aliyekuwa ameshajua kuandika jina lake na la mama yake sasa alisita kwenye herufi ya tatu. Jambo hilo lilimuuma Sikudhani kuliko matusi yote ya Mwongozo.

"Mwalimu amekufa?" Chausiku aliuliza.

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Sikudhani hakujua alama ya kikao. Alijaribu: watu wengi, wamekaa, wamevaa vizuri, wanakula, wanakunywa, mmoja anaongea sana.

Uso wa Chausiku ukang'aa. "Harusi?"

"Ndiyo," Sikudhani akasema kwa mikono, maana hakupata jibu bora. "Harusi ndefu."

Usiku wa kuamkia kikao hicho usingizi haukumjia. Alikuwa ameshona magodoro ya watu wengi waliolala vizuri sana, na alianza kuwafahamu kwa majina. Aliwachukia, na hakuona sababu ya kuficha hilo. Lakini kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Kukicha alivaa kanga yake safi na utepe wake wa bluu, akaenda kusikia darasa la mwanawe likifungwa.

*

Ukumbi ulifurika. Kufunga kitu ni sherehe katika Jamhuri ya Hisani, na wageni walitoka hadi wilaya jirani. Viti vyote vilikaliwa. Mzazi aliyenyang'anywa kauli hawezi kusimama, kwa sababu kusimama ni aina ya kusema. Mwongozo uko wazi. Bi Leokadia aliangaza huku na huku, jasho likimtoka, mpaka macho yake yakatua kwenye Kiti cha Kiziwi, kilichokuwa kimekaa mwaka mzima na kitambaa chake chekundu bila mtu.

"Asiyesikia na asiyesema," aliamua, "ni idara moja. Kaa hapo, mama."

Sikudhani akakaa. Mwalimu Hiza, aliyekuwa amekwishainua mikono kuanza kazi, aliona mtu mbele yake kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Mikono ikamganda hewani. Mwaka mzima alikuwa amekiambia kiti kitupu mambo mazito, na kiti hakikuwahi kumtazama.

Mheshimiwa Kalumbeta alisoma pendekezo. Mwalimu alitafsiri: darasa, funga, watoto, nyumbani.

"Kuna pingamizi?" aliuliza Mwenyekiti, akaangalia saa ya ukutani, maana yeye aliruhusiwa.

Ndipo Sikudhani alipopiga moyo konde, akainua mikono yake iliyotoboka kwa sindano. Hakujua alama nyingi. Alijua zile za kitoto tu, za chini ya paa la jikoni. Alisema polepole: Nyinyi mnakula. Watoto wanakaa. Mwalimu si wenu. Ni wa watoto. Mrudisheni. Hamna haya.

Akashusha mikono.

"Anafanya nini huyu?" aliuliza Mwenyekiti. "Anafukuza nzi?"

"Anasema, Mheshimiwa," alijibu Mwalimu Hiza. Sauti ilikwaruza, wengi ndiyo kwanza waliisikia. "Kutoka katika Kiti. Sheria inanitaka nitamke."

"Neno kwa neno?"

"Bila kupunguza."

"Basi tamka. Hisani ni nchi inayosikiliza."

Mwalimu Hiza alivuta pumzi. "Nyinyi mnakula," alisema. "Watoto wanakaa. Mwalimu si wenu, ni wa watoto. Mrudisheni. Hamna haya."

Sikudhani alingoja anyamaze, kwa kuwa alikuwa amemaliza. Lakini Mwalimu hakunyamaza.

"Hamna haya hata chembe," aliendelea. "Mmekaa miezi kumi na mitatu mkimtafuta mtu aliyesimama mbele ya pua zenu, na mkimwagizia chai. Mmekula sambusa juu ya vichwa vya watoto kumi na wanane. Wewe, Mwenyekiti, uliunguza zimamoto, na sasa umepewa watoto. Wewe, bibi wa kengele, umejifunza kusoma maana ya kikohozi, lakini mama anapowalilia kwa mikono mnasema anafukuza nzi. Mtu akiwaondoa nyinyi wote kumi na mmoja hapa leo, hakuna kitakachopungua wilayani ila sambusa."

Sikudhani alitazama mikono yake, imetulia mapajani zamani. Akamtazama Mwalimu, ambaye bado alikuwa anatafsiri. Akajua kwamba haya mengine si yake, na akaona ni adabu kumwacha amalize.

*

Kengele ililia mpaka ulimi wake ukachomoka. Mheshimiwa Kalumbeta alikuwa amesimama, mashavu yakimtetemeka. "Mwanamke huyu! Mpelekeni!"

"Kwa kosa gani, Mheshimiwa?" aliuliza Bi Leokadia. Alikuwa amefungua Mwongozo, na uso wake ulikuwa umepauka, maana yeye aliuamini. "Huyu hana kauli. Tulimnyang'anya sisi wenyewe, iko kwenye muhtasari. Mtu asiye na kauli hawezi kutukana."

"Kwani matusi hukuyasikia?"

"Nimeyasikia, Mheshimiwa. Yametoka kinywani mwa mtumishi wa serikali. Amevaa suti ya serikali."

Wakamgeukia Mwalimu Hiza. Wajumbe walishauriana, wakashika vichwa. Ukurasa wa mwisho ulifunguliwa. Mwenyekiti alisoma hukumu kwa sauti nzito: matusi mbele ya kikao, adhabu kuu, kurudishwa darasani leo hii kabla ya chai, bila rufaa. Mgeni mmoja wa wilaya jirani alifunika uso. Mwalimu Hiza aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika, na wajumbe wenye huruma wakamwambia ajikaze, hata huko darasani wapo wanaoishi.

"Sasa tupitishe kufunga darasa," alisema Mwenyekiti, akifuta jasho.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema Bi Leokadia, karibu kulia. "Darasa likifungwa, adhabu atatumikia wapi?"

Mheshimiwa Kalumbeta alilikunja pendekezo. Alielewa pia jambo la pili, nalo lilimuuma zaidi: bila mkalimani, kikao chao kilikuwa batili tangu dakika hiyo, na kila kitakachofuata, na sambusa zilikuwa bado jikoni zinakaangwa. Mwalimu alivua glavu nyeupe, akazilaza juu ya meza ya kamati, akatoka. Sikudhani alimfuata bila kuaga. Kuaga wajumbe kumi na mmoja kwa cheo kamili kungechukua mpaka jioni.

Mwisho wa mwaka Wizara ilitoa taarifa. Wilaya hiyo ilikuwa imefuta kabisa utovu wa staha wa wazazi katika vikao vya elimu maalumu: hakuna tukio hata moja, kwani hakukuwa na kikao hata kimoja. Bi Leokadia alipewa nishani na kengele mpya.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, mlinzi alipoinuka mlangoni kumpisha mfungwa, watoto kumi na wanane walimtazama Mwalimu Hiza bila kusogea, kama wanaoogopa kwamba akitambuliwa ataondoka tena. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Chausiku. Ulikuwa umengoja miezi kumi na mitatu.

"Sukari inakwenda wapi?"

Mwalimu aliomba kikombe cha maji ya moto jikoni, akatia sukari, akakoroga mbele yao mpaka haikuonekana. Akampa Chausiku aonje. Chausiku alionja, akafumba macho, akayafumbua.

"Imo," alisema kwa mikono. "Haikwenda popote."

Kisha akakumbuka jambo, akamvuta Mwalimu shati. "Na harusi? Ilikuwaje?"

Mwalimu Hiza, ambaye Sikudhani alikuwa amemsimulia njiani juu ya hiyo harusi, alitafakari kidogo, kwa maana mtoto alistahili jibu la kweli.

"Chakula kilikuwa kingi," alijibu. "Bibi harusi hawakumwalika."